Leseni ya madini imekufa, kijiji kinageuzwa mji: shamba la mama ni la nani sasa?

SWALI: Shikamoo wakili. Naandika kwa niaba ya mama yangu, mjane, mkulima wa kijiji kimoja mkoani Geita. Shamba letu ni ekari 7. Baba aligawiwa na kijiji mwaka 1975, na amezikwa humo humo. Kuna kampuni ilikuwa na leseni ya madini iliyofunika upande wetu wote wa kijiji. Mwaka 2017 walileta wathamini, wakapaka namba nyekundu kwenye nyumba na kwenye miembe, tukaambiwa tusijenge wala tusipande mazao ya kudumu kwa sababu fidia iko njiani. Haikufika. Wakachimba mitaro ya utafiti, wakaondoka. Mwezi uliopita ubao wa ofisi ya kijiji umebandikwa matangazo mawili. La kwanza ni orodha ya leseni za madini ambazo hazina nguvu tena, na ya kampuni ile imo. La pili linasema halmashauri inakusudia kijiji chetu kiingizwe kwenye eneo la mipango miji, mwenye maoni ayawasilishe. Je, shamba limerudi kwetu? Tunaweza kuchimba wenyewe? Na hili la mji litatuondoa? Majirani wanasema matangazo yote mawili ni mtego mmoja.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na mpe mama salamu zangu.

Nianze na hilo neno ulilotumia, "limerudi". Shamba la mama halijarudi kwa kuwa halikuwahi kuondoka. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na hasa baada ya marekebisho ya 2017, madini yote yaliyo juu na chini ya ardhi ya Tanzania ni mali ya wananchi, na Rais ameyashika kwa dhamana kwa niaba yao. Mwenye leseni hupewa ruhusa ya kuyatafuta au kuyachimba kwa muda fulani ndani ya mipaka fulani. Leseni haimpi shamba la mtu. Akilihitaji shamba lenyewe, lazima azungumze na anayelimiliki, amfidie, na kama kuna kuhama, amhamishe kwa mpango unaoeleweka. Kampuni ile ilithamini tu. Haikulipa, nanyi hamkutoka. Kwa hiyo miaka yote hii mama ameendelea kuwa mwenye shamba, hata siku zile alipokuwa anaogopa kupanda mche wa mwembe kwenye ardhi yake mwenyewe.

Hizo namba nyekundu nimeziona katika vijiji vingi vya Kanda ya Ziwa na zinaniuma. Nyumba imepigwa namba mlangoni, rangi imeanza kupauka, bati limetoboka, na mwenye nyumba hathubutu kubadilisha hata bati moja kwa sababu aliambiwa "usiendeleze". Watoto wanakua, wanaoa, hawana pa kujenga. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 ilitungwa kwa sehemu kwa ajili ya maumivu haya. Inasema fidia ilipwe ndani ya miezi 6, ikichelewa inaanza kuzaa riba. Uthamini ukipita miaka 2 bila malipo unakufa, na anayetaka ardhi ile lazima athamini upya. Uthamini wenu ni wa 2017. Umeshakufa, na leseni iliyouzaa imekufa pia. Mama apande miembe yake. Abadilishe bati. Kama ana nia ya kuongeza chumba, subiri kidogo usome ninayosema hapa chini kuhusu tangazo la pili, kwa kuwa huko ndiko kuna jambo la kuangalia kabla ya kuweka tofali.

Je, mnaweza kuidai kampuni ile fidia ya 2017? Nisikupe matumaini ya uongo: fidia ni malipo ya kuondoka, na ninyi hamkuondoka. Mahakama haitaamuru mlipwe thamani ya shamba ambalo bado mnalilima. Kinachoweza kudaiwa ni hasara mliyoipata kwa kuzuiwa kuendeleza, na uharibifu wa hiyo mitaro. Kufa kwa leseni hakumwondolei mwenye leseni madeni na wajibu alioupata ilipokuwa hai. Ila madai ya aina hii yana ukomo. Madai ya madhara ya kawaida yana miaka 3, mengine yana muda mfupi zaidi, na saa hiyo huanza kuhesabiwa tangu madhara yatokee. Kwa hiyo leta kila karatasi mliyopewa mwaka ule: fomu ya mthamini yenye sahihi ya mama, barua ya kuzuia uendelezaji kama ipo, picha. Zuio lililotamkwa tu mkutanoni, bila karatasi wala muhtasari wa kikao, ni gumu sana kulithibitisha. Hapo nitakuambia ukweli hata kama haupendezi.

Sasa turudi kwenye ubao. Tangazo la kwanza lisome kwa utulivu, na uangalie ni neno gani limetumika mbele ya jina la kampuni ile. Leseni hufa kwa njia tofauti. Inaweza kuisha muda: ya utafutaji huanza na miaka isiyozidi 4, ya uchimbaji wa kati miaka 10, ile ya wachimbaji wadogo miaka 7. Inaweza kurejeshwa na mwenyewe kwa hiari. Inaweza pia kufutwa, na kabla ya kufutwa Tume ya Madini humwandikia mwenye leseni hati ya makosa, ikimweleza kosa lake, kwa mfano hajalipa ada za mwaka au ameikalia leseni bila kuifanyia kazi, na kumpa muda wa kujirekebisha. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kufuta maelfu ya maombi na leseni za namna hiyo, za watu walioshika maeneo makubwa bila kuyaendeleza. Sasa, kama neno ni "imefutwa", mwenye leseni anaweza kuwa amelalamika au amekwenda mahakamani. Kama ni "imeisha muda", anaweza kuwa aliomba kuihuisha kabla tarehe haijafika. Karatasi ya ubaoni haikuonyeshi hayo yote. Nenda ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa Geita ukiwa na namba ya leseni. Hiyo namba ndiyo ya kushika, kwa kuwa kampuni moja inaweza kuwa na leseni kadhaa zinazopakana, ikafa moja na nyingine zikabaki hai. Muombe akufungulie kadasta ya madini, yaani ramani ya leseni zote, uone eneo lenu lina rangi gani leo na kama kuna maombi mapya juu yake.

Hapa kuna jambo ambalo limewaponza watu wengi, na ni la kitaalamu kidogo. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda shambani kwa mzee mmoja aliyekuwa tayari kupokea pesa ndogo ili aachie kona ya shamba lake. Kijana mmoja alikuwa amesimama naye kati ya mahindi, ameshika simu, akamwonyesha kwamba kona ile iko ndani ya leseni ya bosi wake. Alama ilikuwa ndani kweli kwenye kioo. Lakini nukta za leseni nyingi za madini hapa kwetu zimeandikwa kwa mfumo wa upimaji uitwao Arc 1960, na simu husoma mfumo wa kisasa wa WGS 84. Namba zile zile ukiziingiza kwenye simu bila kuzibadilisha, zinakupeleka karibu mita 300 mbali na mahali penyewe. Mita 300 ni upana wa mashamba kadhaa ya kijijini. Tulipozibadilisha ipasavyo, shamba la mzee yule lilikuwa nje kabisa. Kwa hiyo usikubali, na usikatae, kwa kuangalia simu ya mtu. Omba afisa madini au mpima aliyesajiliwa azipeleke zile bikoni, yaani alama za mipaka, ardhini.

Kuhusu kuchimba wenyewe: hapana, si kwa sasa. Leseni ya mwingine ikifa, madini hayageuki kuwa ya mwenye shamba. Yanabaki ya umma, na anayechimba bila leseni anatenda kosa hata kama anachimba nyuma ya jiko lake. Eneo likiwa wazi, Mtanzania yeyote anaweza kuomba leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo sheria imewatengea Watanzania peke yao na ambayo kwa dhahabu haizidi hekta 10, yaani kama ekari 25. Anayetangulia kuwasilisha maombi yaliyokamilika ndiye anayetangulia kushughulikiwa. Kumiliki shamba hakukupi nafasi ya mbele kwenye foleni, na nadhani hilo ni pungufu la sheria yetu, lakini ndivyo ilivyo. Wakati mwingine pia Waziri hutenga eneo lililorudi serikalini kwa ajili ya vikundi vya wachimbaji wadogo. Kama familia ina nia ya kweli, ombeni mapema na ombeni kwa jina lenu. Eneo likitangazwa tu kuwa wazi, watajaa watu wenye mikoba wanaoahidi "kukuombea", na leseni hutoka kwa jina la aliyeomba. Nimekutana na wenye mashamba waliogundua baada ya mwaka kwamba wao ni "wabia" kwenye karatasi ambayo jina lao halimo.

Na kama akiomba mgeni akapata? Mama hana haja ya kutetemeka. Mchimbaji haruhusiwi kufanya kazi karibu na nyumba inayokaliwa au kwenye ardhi iliyolimwa bila ridhaa ya maandishi ya anayeimiliki kihalali, na maeneo ya makaburi yana ulinzi wake wa ziada. Ridhaa hiyo ndiyo nguvu ya mama kwenye mazungumzo. Lakini asiifanye ukuta. Sheria inaruhusu sharti la ridhaa liondolewe pale inapoonekana mwenye ardhi amekataa bila sababu ya msingi. Anayesema "sitaki tu" anaweza kupitwa. Anayesema "nataka mtaro ufukiwe, mgao huu uandikwe, nyumba na kaburi viachwe umbali huu" huyo ni vigumu kumpita. Wakishindwana kuhusu mipaka au fidia, Tume ya Madini yenyewe ina mamlaka ya kusikiliza na kuamua.

Hiyo mitaro iliyoachwa wazi isisubiri lolote kati ya haya. Ipige picha kila mmoja, weka mtu asimame kando ili kina kionekane, andika tarehe, kisha mama aandike barua moja kwa Afisa Madini Mkazi, nakala kwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, na kwa mtendaji wa kijiji. Kufukia na kurudisha ardhi katika hali yake ni wajibu wa aliyechimba. Wakati mnasubiri, zungushieni miiba. Mvua za masika zikijaza mtaro wa mita mbili, juu yake huonekana kama dimbwi la kuogea watoto.

Tangazo la pili ndilo ninalotaka likukoseshe usingizi kidogo. Majirani wote wanakodolea macho lile la kwanza kwa sababu lina harufu ya dhahabu, wakati lile la mipango miji ndilo lenye saa inayotembea, na ndilo linaloweza kubadilisha maisha ya mama kuanzia mwaka ujao. Hukuniandikia tarehe. Rudi ubaoni leo usome: limetolewa lini, maoni mwisho lini, yapelekwe kwa nani, na limesainiwa na nani. Kisha soma kichwa chake neno kwa neno, kwa kuwa kuna matangazo matatu yanayofanana kwa sura na kutofautiana sana kwa matokeo.

Kama linazungumzia mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, hilo ni jambo la ndani ya kijiji. Ardhi inabaki ya kijiji, mnakubaliana wapi pa kulima, wapi malisho, wapi makazi, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaopitisha. Mkutano mkuu maana yake kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, mama akiwemo.

Kama linasema ardhi ya kijiji inahamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyo chini ya kijiji tena, hapo kinatumika kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na kina masharti mazuri ambayo wanakijiji wengi hawajawahi kusomewa. Tangazo litoke kwenye Gazeti la Serikali na lifike kwa halmashauri ya kijiji, likitaja eneo, mipaka na sababu. Lisitekelezwe kabla ya siku 90. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano mkuu unatoa mapendekezo na Waziri ndiye anayeamua. Na ardhi isihamishwe kabla fidia haijakubaliwa, kiasi chake, namna yake na lini italipwa.

Kutokana na ulivyoliandika, lenu linaonekana ni la aina ya tatu, la kutangaza eneo la mipango miji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Kwa hili nieleze polepole, kwa sababu maneno ni laini na matokeo yake ni mazito. Kijiji kikishaingia mjini, taratibu zake za kijiji hufifia. Kinakuwa mtaa au mitaa, na ule mkutano mkuu uliokuwa na sauti juu ya ardhi unakwisha. Maofisa wa mipango miji huchora ramani: hapa barabara ya mita kadhaa, hapa shule, hapa eneo la wazi, hapa makazi, hapa biashara. Shamba la ekari 7 linaweza kutokea kwenye mchoro likiwa limegawanyika viwanja na kukatwa na barabara mbili. Kuanzia hapo ujenzi unahitaji kibali, na ndiyo sababu nimesema mama asiweke tofali jipya kabla ya kujua mchoro unasemaje. Kilimo kinaweza kuendelea kwa muda, lakini ardhi ikishawekwa kwenye rangi ya makazi, kurudi kwenye kilimo ni safari ndefu.

Je, litamwondoa? Tangazo peke yake halimwondoi mtu. Haki ya kimila ya mama haifutwi kwa wino wa ramani. Mahakama ya Rufani, kwenye shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwanawe katikati ya miaka ya 1990, iliamua kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali, na inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba kama mali nyingine yoyote. Wale walikuwa wakulima wa kijiji cha Kambi ya Simba, Mbulu, waliopoteza ardhi wakati wa Operesheni Vijiji. Bunge lilikuwa limetunga sheria ya kufuta haki za kimila za watu kama wao, na mahakama ikasema hapana, huwezi kumnyang'anya mtu mali bila fidia. Nalitaja shauri hili kila ninapokwenda vijijini, kwa sababu bado kuna maofisa wanaomwambia mkulima kwamba "ardhi ni ya serikali, wewe ni mpangaji tu".

Sehemu ya shamba ikichukuliwa kwa barabara au shule, fidia yake inahesabiwa kwa bei ya soko ya ardhi pamoja na kilicho juu yake, yaani nyumba na mazao, kisha posho ya usumbufu, ya usafiri, na kama mtu anapoteza makazi, kodi ya nyumba ya miezi 36. Mwenye biashara anadai pia faida atakayopoteza kwa miezi 36. Isipokuwa mkikubali ninyi wenyewe ule utaratibu wa upimaji shirikishi, ambapo mwenye shamba anatoa sehemu ya ardhi kwa ajili ya barabara na huduma, na anabaki na viwanja vilivyopimwa. Wengine wamenufaika nao sana, kwani kiwanja kilichopimwa mjini hakilingani bei na shamba. Wengine wameishia na viwanja viwili kati ya ekari tatu, kwa sababu walisaini kabla ya kuona mchoro. Mama asisaini fomu yoyote ambayo haijaandikwa idadi ya viwanja atakavyobaki navyo na ukubwa wake.

Lakini mwanangu, kabla ya yote hayo kuna shimo kubwa kuliko mitaro ya kampuni, nalo liko nyumbani kwenu. Shamba bado liko kwa jina la baba, sivyo? Hukusema kama mirathi ilifunguliwa, na kwa uzoefu wangu anayenyamaza kuhusu mirathi huwa hajaifungua. Siku wapima watakapopita na daftari la kuorodhesha wamiliki, wataandika jina la atakayekuwa amesimama pale na kujitambulisha. Nimeona likiandikwa jina la kaka wa marehemu, mzee mwenye sauti kubwa, huku mjane akiwa ameenda mashine kusaga. Kulirekebisha jina moja kulichukua miaka. Fungueni mirathi Mahakama ya Mwanzo wiki hii kama inawezekana: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo unaompendekeza msimamizi, basi. Mama anaweza kuwa msimamizi yeye mwenyewe. Na akiambiwa kwamba mwanamke harithi ardhi ya ukoo, ajibu kwamba Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za 1999 zinampa haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi.

Sambamba na hilo kusanyeni ushahidi wa shamba. Mlisema kijiji kiligawa mwaka 1975. Je, kuna daftari la wakati ule? Wapo wazee waliokuwepo? Waandikishwe maelezo wangali hai, na majirani wanne wa mipaka wasaini. Kama kijiji kina cheti chake cha ardhi, ombeni hati ya hakimiliki ya kimila sasa, hata kama muda ni mfinyu. Hata maombi yaliyopigwa mhuri yana uzito mbele ya baraza kuliko maneno matupu.

Kisha andikeni maoni. Barua ya mama iwe fupi na ijitegemee, pamoja na hiyo ya majirani wengi. Iseme shamba lilipo, ukubwa wake, lilivyopatikana, kwamba kuna nyumba, miembe kadhaa na kaburi. Iombe kuona rasimu ya mchoro kabla haijapitishwa, na iombe kwa maandishi nakala ya muhtasari wa kikao ambacho kijiji kilikubali kuingizwa mjini, pamoja na orodha ya mahudhurio. Hiyo orodha ndiyo ninayoitaka. Niliwahi kupewa moja yenye majina zaidi ya mia, sahihi zote za mwandiko mmoja, na wawili kati yao walikuwa wamefariki kabla ya tarehe ya mkutano. Kikao kile hakikusimama mahakamani. Andikeni nakala mbili za barua, moja mwiachie ofisi, ya pili igongwe mhuri wa "imepokelewa" na tarehe, mrudi nayo. Karani akisema mhuri umefungiwa, keti kwenye benchi umsubiri aliyeufungia.

Mkifika mahali pa kushitaki, na ninaomba msifike, jueni njia mbili. Mgogoro na jirani au ndugu juu ya shamba huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Shauri dhidi ya halmashauri au serikali linahitaji kwanza notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu aunganishwe, Mahakama Kuu. Siku 90 ni nyingi wakati tingatinga liko barabarani, kwa hiyo anayedhani atashitaki aanze kuhesabu mapema.

Majirani wanaosema ni mtego mmoja siwacheki. Hofu yao ina sababu. Lakini ofisi ni mbili tofauti: leseni iko kwa Tume ya Madini, ramani ya mji iko kwa halmashauri na Wizara ya Ardhi, na mara nyingi hazizungumzi hata zinapopaswa. Maelezo ya kawaida zaidi ni kwamba mji umekua mpaka kwenu, na leseni iliyokuwa imelifunika eneo ilikuwa inawazuia kupanga. Ilipokufa, wapangaji wakasogea. Hiyo yenyewe inawapa hoja nzuri ya kuandika kwenye maoni: je, halmashauri imeithibitishia Tume ya Madini kwamba eneo linakuwa la makazi, ili lisigawiwe tena kama kitalu cha dhahabu huku mkipimiwa viwanja? Ombeni jibu la maandishi. Nimeona nyumba mpya zenye hati, na chini yake leseni mpya, na watu wawili wote wana karatasi halali za serikali ile ile.

Kuhusu baba. Makaburi yana sheria yake, ya uhamishaji wa makaburi ya mwaka 1969. Hayahamishwi kimya kimya: kuna tangazo, familia inapewa nafasi ya kushiriki, na gharama za kuhamisha na kuzika upya si zenu. Lakini mthamini na mpima wanaandika wanachokiona, na kaburi ambalo ni kichuguu tu chini ya mwembe, majani yameota, wanaweza kulipita bila kuliona. Kabla hawajaja, mtafuteni fundi aweke saruji, aandike jina la baba na mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Mpige picha mama akiwa amesimama pale. Na siku wapima watakapoingia shambani, kabla ya kuwaonyesha bikoni, mama awapeleke hapo kwanza.